Bodi Haijafa: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli Kuhusu Kuwasha Linux kwenye Kompyuta Ndogo za ARM

Binti mmoja wa chuo hapa Dodoma alinijia na Raspberry Pi 3, kompyuta ndogo ya bodi moja, ameifunga kwenye leso. "Shikamoo kaka. Hii imekufa." Baba yake ana shamba la zabibu Hombolo, naye alitaka bodi hiyo imsomee unyevu wa udongo kwenye mistari ya mizabibu. Watu wawili walikuwa wameshamwambia imeungua, na wa pili akamshauri anunue nyingine. Kwa mwanafunzi, hiyo si hela ya kutamka hivihivi.

Nikaiwasha. Taa nyekundu ikawaka, ya kijani haikupepesa hata mara moja. Nikachomoa kadi ya memori, nikaitia kwenye laptopu. Ndani palikuwa na faili moja tu, jina lake linaishia na .img.xz. Alilipakua, akalinakili kwenye kadi kama anavyonakili wimbo.

Nimeona bodi nyingi zikizikwa kwa namna hii zikiwa nzima. Kuwaka kwake ni safari ya hatua chache, na bodi ikigoma imekwama kwenye hatua fulani. Kazi ni kujua ni ipi.

"Faili likishaingia kwenye kadi, umemaliza"

Faili la .img (.xz maana yake limebanwa tu) ni nakala ya kadi nzima, pamoja na mpangilio wa sehemu zake. Halikai ndani ya kadi kama mgeni. Linaandikwa juu ya kadi yote kuanzia mwanzo wake, kwa programu kama Raspberry Pi Imager au balenaEtcher, au kwa amri ya dd kwa wanaoizoea.

Sababu iko ndani ya chipu. Kwenye Pi 3, cha kwanza kuamka si prosesa ya ARM bali sehemu ya michoro, VideoCore. Hiyo husoma programu fupi iliyochomwa kiwandani, ambayo huenda kwenye sehemu ya kadi yenye mpangilio wa mafaili wa FAT na kutafuta faili liitwalo bootcode.bin. Hilo likipatikana huita start.elf, ambalo husoma mipangilio iliyo kwenye config.txt, likaipakia kerneli, yaani kiini cha Linux, na hapo ndipo ARM inaamshwa. Kadi ya yule binti haikuwa na bootcode.bin, kwa hiyo hakukuwa na kitu cha kupepesa taa ya kijani. Bodi ilikuwa macho, inatafuta, haioni.

Mafaili yakiwepo nusunusu, taa ya kijani inasema. Ikipepesa mara 4 na kupumzika, start.elf halijaonekana. Mara 7, kerneli haijaonekana. Zihesabu kwanza kabla hujamwita mtu yeyote. Kwenye Pi 4 hatua ya kwanza imehamishiwa kwenye chipu ndogo ya kumbukumbu iliyo kwenye bodi yenyewe, ndiyo maana huweza kukuonyesha ukurasa wa taarifa kwenye skrini hata kama kadi haipo.

Tuliandika kadi upya. Tulipoirudisha kwenye laptopu yake kuikagua, Windows ikaleta ujumbe kwamba diski inahitaji kufomatiwa kabla ya kutumika. Nilimshika mkono. Windows haielewi sehemu ya ext4 ambamo Linux inakaa, basi inadhani ni uharibifu. Ukikubali, umefuta ulichoandika dakika moja iliyopita. Funga ujumbe huo, chomoa kadi, irudishe kwenye bodi. Tukairudisha, na taa ya kijani ikaanza kucheza.

Kama kadi inakataa mara kwa mara, ipime kwa programu ya f3. Zipo kadi zilizoandikwa GB 64 ambazo ndani hazifiki hata robo yake, nazo hujitangaza kwa kuharibu mafaili ya mwisho.

"Linux ni Linux tu, ile ya laptopu itakubali"

Haikubali. Laptopu nyingi tunazotumia zina prosesa za familia ya x86, na ARM inazungumza lugha nyingine kabisa ya maelekezo. Wengi hilo wanalijua. Wasilolijua ni kwamba hata bodi mbili za ARM haziwaki kwa njia moja. Kompyuta ya mezani ina BIOS au UEFI, inayojua kutafuta mfumo na kuutajia vifaa vilivyopo. Bodi hizi nyingi hazina hicho. Chipu za kampuni ya Allwinner hutafuta programu ya kuamshia kilobaiti 8 kutoka mwanzo wa kadi. Za Rockchip hutafuta kwenye sekta ya 64. Kwenye bodi hizo kinachokaa hapo kwa kawaida ni U-Boot, programu huria ambayo Mjerumani Wolfgang Denk aliianzisha na ambayo leo inaamsha bodi za kila aina. Kisha kerneli hupewa faili la .dtb, ramani inayoiambia wapi pana USB, wapi pana mtandao, pini ipi inawasha taa ipi. Ukiipa ramani ya bodi nyingine, inapotea.

Ndiyo maana unapakua faili la bodi yako, kwa jina na namba yake. Hata ndani ya ukoo mmoja: Pi 5, iliyotoka 2023, haiwaki kwa Raspberry Pi OS, Linux ya bodi hizi, iliyotangulia toleo la Bookworm la mwaka huohuo. Na Pi ya kwanza kabisa, ya 2012, ina prosesa ya kizazi cha ARMv6, hivyo Debian (aina nyingine ya Linux) ya kawaida ya armhf haiiwezi kwa kuwa inadai kizazi cha ARMv7.

"Chaja ya simu ni chaja"

Hapa nimeumia mwenyewe. Nilikuwa na Pi 4 inayowaka vizuri, ikifika kwenye kuwasha Wi-Fi inajizima na kuanza upya. Nikabadilisha kadi mara tatu, nikaandika mfumo upya usiku na mchana kwa wiki nzima. Siku niliyoweka mita kwenye pini ya 2 na ya 6 nikaiona volti inashuka hadi 4.5 kila Wi-Fi ilipoamka. Chaja ilikuwa sawa. Waya ndio uliokuwa mwembamba kama uzi.

Bodi hizi huanza kulalamika volti ikishuka chini ya 4.63 hivi. Pi 3 inataka chaja ya 5V yenye ampea 2.5, Pi 4 ampea 3, na Pi 5 ampea 5. Ukiona alama ya radi ya njano kwenye kona ya skrini, usiguse programu, badilisha waya kwanza. Bila skrini, andika vcgencmd get_throttled: 0x0 ni salama, 0x50005 maana yake umeme hautoshi hivi sasa, na 0x50000 maana yake haukutosha wakati fulani tangu ulipowasha.

"Skrini nyeusi, basi haijawaka"

Mara nyingi imewaka, wewe tu huioni. Pi 4 ina matundu mawili ya HDMI. Tumia lililo karibu na tundu la umeme. Kwa Pi 3, chomeka skrini kabla ya umeme. Ukitaka kusikia bodi inasema nini, tafuta adapta ya USB ya serial ya volti 3.3, inayoleta maandishi ya bodi kwenye laptopu. Ardhi kwenye pini ya 6, pini ya 8 inayotuma iende kwenye RX (pa kupokelea) ya adapta, pini ya 10 inayopokea iende kwenye TX (pa kutumia ujumbe), kasi 115200, na kwenye config.txt uongeze enable_uart=1. Waya mwekundu wa adapta uache ukining'inia, na adapta ya volti 5 usiisogeze kabisa, kwa kuwa hiyo kweli inaua.

Na wale wanaoniambia nenosiri la "raspberry" linakataa: mtumiaji wa "pi" aliyekuja na mfumo aliondolewa Aprili 2022. Sasa unaweka jina na nenosiri lako wakati wa kuandika kadi.

"Linux haiharibiki umeme ukikatika"

Ext4 inatunza shajara ya mabadiliko, kwa hiyo mpangilio wa mafaili hupona mara nyingi. Data iliyokuwa njiani haiponi, na kadi yenyewe ikikatiwa umeme katikati ya kuandika inaweza kuharibika ndani kwa ndani. Zima kwa amri, subiri taa ya kijani itulie. Kwa bodi ya kuacha shambani, programu ya mipangilio ya raspi-config ina chaguo la overlay linalozuia kuandika kwenye kadi. Vipimo vyako viandike kwenye flashi ya pembeni.

Binti alirudi baada ya siku chache. Bodi ilikuwa inawaka Hombolo kwa paneli ya jua na betri ndogo iliyokuwa ikiisha usiku. Vipimo vilikuwepo, ila udongo ulionekana ukikauka usiku wa manane na kupata unyevu adhuhuri. Alidhani kihisio ni kibovu. Kihisio kilikuwa kizima. Bodi zote za Pi kabla ya Pi 5 hazina saa yenye betri. Bila intaneti huendelea kuhesabu saa kuanzia pale zilipoacha. Bodi yake ililala kama muda wa saa kumi kila usiku, kwa hiyo baada ya usiku 5 ilikuwa imechelewa siku 2 na zaidi.

Tukaweka saa ndogo ya DS3231: umeme pini ya 1, data (SDA) pini ya 3, mapigo (SCL) pini ya 5, ardhi pini ya 9, na mstari mmoja kwenye config.txt: dtoverlay=i2c-rtc,ds3231. Asubuhi iliyofuata alinitumia picha ya rekodi ya kwanza. 06:40, jua limeshafika kwenye paneli.