Modemu kando, ruta kando: yanayosemwa na yaliyo kweli kwa nyumba za Mtwara na Lindi

Msimu wa korosho ukifika na malipo yakaanza kuingia kwenye akaunti za wakulima, maduka ya vifaa vya umeme Mtwara mjini, Masasi na Newala hupata wateja ambao miezi mingine hawaonekani. Mmoja anatafuta pikipiki, mwingine mabati, na siku hizi wapo wanaotafuta ruta. Wanaonyeshwa yenye antena sita, wanaambiwa, "Bosi, ukifunga hii nyumbani utasahau kabisa mambo ya kukwamakwama," wanalipa, wanaifunga, na intaneti inabaki vilevile. Jambo hili linaniuma, maana hela ile ni jasho la mwaka mzima, na ruta yenyewe mara nyingi haina kosa lolote. Imenunuliwa kwa kazi isiyo yake.

"Modemu na ruta ni kitu kimoja"

Dhana hii imetokana na boksi lenyewe. Ukiomba faiba, fundi wa kampuni anakuja na kifaa kimoja, anachomeka waya mwembamba wenye kichwa cha kijani, anakuandikia nywila ya waifai, anaaga. Ndani ya kifaa hicho kuna kazi mbili. Ya kwanza ni kuelewana na laini inayotoka nje: kupokea mwanga uliosafiri kwenye faiba na kuugeuza uwe data. Kifaa cha kazi hii kwenye faiba huandikwa ONT au ONU, na ndicho kilichochukua nafasi ya modemu ya ADSL ya enzi za nyaya za simu za mezani. Kwenye boksi la 4G au 5G, modemu imo humohumo unapochomeka laini ya simu. Kazi ya pili ni ya ruta: kuuchukua muunganisho huo mmoja na kuugawa kwa simu, televisheni, laptopu na kamera, kila kimoja kikipewa anwani yake ya ndani, na kuwazuia wa nje wasijiingilie ovyo.

Kazi hizo zinaweza kukaa kwenye boksi moja au mawili. Ukishalijua hilo, mengi yanayobaki yanaeleweka.

"Ukitenganisha modemu na ruta, spidi inaongezeka"

Hapa ndipo hela za watu zinapopotelea. Spidi ya juu kabisa unayoweza kupata inaamuliwa na kifurushi. Ukilipia Mbps 20, yaani megabiti 20 kwa sekunde, kampuni imeweka kikomo cha 20 huko kwenye mitambo yake, na huwezi kukiondoa kwa kununua kifaa. Kubadilisha koki hakuongezi maji kwenye bomba.

Kabla hujaenda dukani, pima. Chomeka laptopu kwa kebo moja kwa moja kwenye boksi la kampuni, zima waifai ya laptopu, waombe wa nyumbani waweke simu chini kwa dakika chache, kisha pima spidi. Ukipata karibu na unacholipia, laini ni nzima na tatizo lako liko kwenye waifai. Ruta nzuri ya pembeni inaweza kukufaa. Ukipata Mbps 3 wakati unalipia 20, tena kwa kebo, hakuna ruta itakayokuokoa. Wapigie simu kampuni.

Zipo nyumba ambazo kutenganisha kunalipa kweli. Chukua zile za zamani za Mikindani, zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zake nene. Boksi limefungwa sebuleni karibu na mlango kwa sababu faiba iliingilia hapo, na ukifika chumba cha nyuma simu inaonyesha kijistari kimoja. Masafa ya GHz 5, ambayo ndiyo yenye kasi, yanaishia ukutani. Ya GHz 2.4 yanapenya zaidi ila kasi yake ni ndogo. Nyumba ya namna hii inataka kebo ya mtandao itoke kwenye boksi mpaka katikati ya nyumba, na ruta ya pili ifungwe huko. Kebo hiyo inafanya kazi vizuri mpaka mita 100, na ya daraja la Cat5e inabeba gigabiti 1 kwa sekunde, yaani Mbps 1,000, kwa hiyo haitakuwa kikwazo. Kikwazo kinaweza kuwa ruta yenyewe: nyingi za bei nafuu zina matundu ya Mbps 100 tu.

Tandahimba na vijiji vya Newala, ambako wengi wanategemea boksi la laini ya simu, hesabu ni nyingine kidogo. Boksi linataka kukaa dirishani upande wa mnara, lakini familia inakaa ukumbini, na katikati kuna ukuta wa tofali na paa la bati linalorudisha mawimbi. Acha boksi dirishani lifanye kazi ya modemu, vuta kebo, ruta ikae walipo watu. Kama nyumba ni ya vyumba vitatu na waifai inafika kote, boksi la kampuni linakutosha, na hela yako fanyia jambo jingine.

"Antena nyingi, inavuta mbali"

Nguvu ambayo ruta inaruhusiwa kurusha ina kikomo, iwe na antena mbili au nane. Tena mawasiliano ni ya pande mbili: hata kama ruta inapaza sauti, simu yako yenye antena ndogo ndani yake lazima imudu kujibu. Antena za ziada zinasaidia zaidi kupitisha data kwa mikondo kadhaa kwa wakati mmoja kuliko kufika nyumba ya nne. Ukiitoa ruta nyuma ya televisheni au ndani ya kabati la vyombo na kuipandisha juu, palipo wazi, utaona tofauti, tena bila gharama.

"Ruta yoyote inaingia kwenye laini yoyote"

Igeuze uone matundu yake. Yenye tundu dogo la waya wa simu ya mezani, mara nyingi limeandikwa DSL, ilitengenezwa kwa nyaya za shaba. Bado zinauzwa mitumba, na mwenye faiba akinunua huenda asipate tundu la kupokea kebo inayotoka kwenye boksi la kampuni. Unayoihitaji ina tundu lililoandikwa WAN, mara nyingi la rangi tofauti na mengine. Uliza pia kama kifaa kimeidhinishwa na TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.

Kosa kubwa zaidi ni kununua ONT yako ukitaka kuiondoa ya kampuni. ONT husajiliwa kwenye mtambo wa kampuni kwa namba yake maalumu. Ukichomeka nyingine ambayo hawaitambui, mwanga unaweza kufika na data isipite. Kwenye faiba, kwa hiyo, unachoweza kukitenga kwa uhuru ni ruta. ONT ya kampuni inabaki mahali pake.

Na usiwe mwepesi wa kuchoma sindano kwenye kitundu cha reset. Kinafuta mipangilio yote, pamoja na jina na nywila ambazo baadhi ya kampuni huziweka ndani ili boksi liruhusiwe kuingia mtandaoni. Utaanza kumtafuta fundi siku ya Jumapili.

"Unachomeka tu ruta ya pili, basi"

Kwa kuangalia video na kutuma ujumbe, ndiyo, itakubali. Shida ni kwamba sasa una ruta mbili zinazogawa anwani, moja ndani ya nyingine. Simu iliyo kwenye waifai ya kwanza haioni printa iliyo kwenye ya pili, na kamera ya dukani ambayo ungependa kuifungulia njia kutoka nje inagoma. Na zote mbili zikitumia anwani ya 192.168.1.1, unaweza usipate intaneti kabisa.

Njia ziko mbili. Ya kwanza, omba kampuni iweke boksi lao kwenye modi ya briji, yaani liache kazi ya ruta na kubaki na kazi ya modemu pekee. Ruta yako ndiyo itakayosimamia nyumba. Ya pili, kama hawakubali, ibadilishe ruta yako iwe kituo cha kurushia waifai tu, na ugawaji wa anwani uachiwe boksi la kampuni. Kwa nyumba nyingi mimi ningechagua hii ya pili, kwa kuwa siku ya hitilafu kampuni haitakuwa na cha kusingizia kwenye kifaa chako.

"Waifai imejaa, kwa hiyo intaneti ipo"

Vijistari vya waifai vinapima nguvu ya mawimbi kati ya simu na ruta, hakuna zaidi. Tarehe 12 Mei 2024, wiki moja hivi baada ya Kimbunga Hidaya kuipiga pwani yetu, nyaya za chini ya bahari za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu, na intaneti ikayumba Tanzania na nchi jirani. Waifai za watu zilikuwa zimejaa vilevile. Angalia taa za boksi la faiba: ile iliyoandikwa LOS ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki kwako. Tazama nyuma ya kabati kama waya haujakunjwa kona kali au kutafunwa na panya. LOS ikiwa imezimwa na taa ya PON, inayoonyesha muunganisho na mtambo wa kampuni, imetulia, laini yako ya faiba ni nzima, na tatizo liko mbele zaidi au kwenye ruta.

"Umeme ukikatika, faiba nayo imekufa"

Kwenye mtandao wa faiba wa majumbani, njia kutoka mtambo wa kampuni hadi kwako kwa kawaida haihitaji umeme. Mtambo ukiwa na betri au jenereta na bado unafanya kazi, mwanga unaendelea kufika mlangoni. Kinachozimika ni maboksi yako, na wanaotenganisha husahau kwamba sasa ni mawili: UPS ndogo, yaani betri ya akiba, ikiwasha ruta peke yake, utaona waifai bila intaneti.

Soma kibandiko cha kila adapta, kwa sababu kuna vifaa vya volti 12 na vya volti 9, na kuvichanganya kunaweza kuunguza. Kisha piga hesabu. UPS iliyoandikwa mAh 10,000 ina betri za volti 3.7, yaani takriban wati 37 kwa saa moja. Boksi moja linalotumia wati 8 litakaa saa 4 hivi, pungufu kidogo kwa umeme unaopotea njiani. Maboksi mawili ya namna hiyo hayazidi saa 2. Unaponunua UPS, hakikisha ina matundu mawili na inamudu wati za vyote viwili kwa pamoja.