Seva ya mafaili ya ofisini: yanayosemwa Kigoma na yaliyo kweli

"Bila intaneti, seva ya mafaili haina kazi." Maofisini hapa Kigoma, hii ndiyo dhana inayowarudisha watu nyuma kuliko zote, na si kweli. Programu ya kutunza na kushirikiana mafaili, kama Nextcloud au Seafile, ikiwekwa kwenye kompyuta moja pale pale ofisini (hiyo ndiyo seva), mafaili hupita kwenye ruta yenu tu. Bando likiisha, mhasibu anaendelea kufungua hesabu za dagaa alizohifadhi mwenzake wa chumba cha pili. Intaneti anaihitaji aliye safarini Kasulu. Cha kuhofia ni umeme: ukikatika ghafla, hifadhidata, yaani kumbukumbu ambazo programu huzitegemea kuyajua mafaili, inaweza kuharibika. Kabla ya diski kubwa, nunueni UPS, betri inayoiweka seva hewani kwa muda umeme ukikatika.

"Programu hizi zote ni zile zile." Hapana. Frank Karlitschek alianzisha ownCloud, programu ya aina hiyo hiyo, mwaka 2010, kisha 2016 akajitenga na kuanzisha Nextcloud. Hiyo ina kalenda, simu za video, na ukiiunganisha na Collabora, programu ya kuandikia nyaraka kwenye kivinjari, watu wanaandika waraka mmoja kwa pamoja. Mashine dhaifu italemewa. Seafile imejikita kwenye mafaili. Hukata faili vipande, kwa hiyo ukibadilisha sehemu ndogo ya faili kubwa, vinatumwa vipande vilivyobadilika tu. Kwa laini ya polepole ningechukua hiyo. Ila ukichungulia diski ya seva hutaona "mauzo-Machi", utaona vipande visivyosomeka. Nextcloud, kwa mpangilio wake wa kawaida, huacha faili kama lilivyo: seva ikifa, mnachomoa diski na kukopi.

"Mafaili yakishaingia kwenye seva, bekapu tunayo." Hii imeumiza wengi. Mtu akifuta folda iliyounganishwa kwenye laptopu yake, inafutika kwenye seva na kwa wenzake wote. Nextcloud hutunza vilivyofutwa siku 30. Baada ya hapo yaweza kuviondoa wakati wowote ikihitaji nafasi. Bekapu ni nakala ya mafaili pamoja na hifadhidata, kwenye diski nyingine, jengo jingine, na mmeshajaribu kuirudisha mkaona inafunguka.

"Programu ni bure." Kuipakua, ndiyo. Mashine, umeme na fundi wa kuisasisha vinalipiwa.

"Data ikiwa kwetu, sheria haituhusu." Inawahusu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inamgusa anayetunza majina na namba za wateja, hata kama seva iko chini ya meza yake hapa Mwanga, Kigoma mjini.