Mchoro Ulio Jina: Kusoma Majina ya Watu katika Hati za Wanahua

Mtu anayeifungua Matrícula de Huexotzinco kwa mara ya kwanza hudhani ameshika kitabu cha picha. Kurasa zimejaa vichwa vya wanaume, safu kwa safu, vyote vikifanana mno hata usingeweza kumtambua yeyote kwa sura, na kila kichwa kimeambatana na kimchoro: nyoka, ua, ngao. Hati hiyo ya mwaka 1560, ambayo leo imehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Ufaransa, ni orodha ya watu wa Huexotzinco, nchini Meksiko, iliyoandaliwa kwa ajili ya kodi. Kichwa kinaeleza kwamba huyu ni mwanamume. Ni nani hasa, hilo husemwa na kimchoro.

Kosa la kawaida ni kukiona kimchoro hicho kuwa pambo au nembo ya ukoo. Ni maandishi, na husomwa kwa Kinahuatl, lugha ya Wanahua, wenyeji wa Meksiko ya kati. Katika Kodeksi ya Mendoza, kitabu cha michoro kilichochorwa huko Meksiko miaka ya 1540, mtawala Itzcoatl ametambulishwa kwa nyoka, *coatl*, aliyechomoza mgongoni vipande vyenye ncha vya *itztli*, lile jiwe jeusi la volkano linalong'aa kama kioo. Kiongozi Tenoch naye ana jiwe, *tetl*, na juu yake limeota dungusi kakati, *nochtli*. Unganisha mwanzo wa maneno hayo mawili, nawe umeshalitamka jina lake.

Ustadi wa waandishi hao ulionekana zaidi walipokabiliwa na majina ya kigeni. Antonio de Mendoza, aliyewasili mwaka 1535 kumwakilisha mfalme wa Hispania, alikuwa na jina lisilo na maana yoyote kwa Kinahuatl, lugha ambayo hata sauti ya *d* haina. Wakamwandika kwa kuchora *metl*, mmea wa jamii moja na mkonge wetu, pamoja na *tozan*, mnyama mchimba mashimo anayefanana na fuko: *me-toza*. Hapo mkonge si mkonge tena, wala mnyama si mnyama. Kilichobaki ni sauti tu.

Aghalabu jina limeandikwa pia kwa herufi za Kilatini kando ya mchoro. Msomaji asiliamini upesi, kwa kuwa mtu aliyebatizwa huweza kuandikwa Juan Yaotl, ilhali mchoro unataja Yaotl peke yake.