Mafuta ya samaki yalivyonidanganya

Watu huniuliza, kwani mashine ya isotopu, ile inayopima aina nzito za kaboni na naitrojeni (kaboni 13 na naitrojeni 15) ili tujue samaki kala nini, si inatoa jibu yenyewe? Inatoa, ila inajibu kile ulichoitilia, hata ukiitilia uchafu.

Chukua Chwaka, Unguja, ghuba ile ina mikoko na majani ya bahari pamoja, ndo maana tunaipenda. Kaboni 13 ya majani ya bahari huwa kama hasi 10 mpaka hasi 12 kwa elfu (yaani pungufu ya kipimo tunacholinganishia), ya mkoko iko huko hasi 28, kwahiyo ukipima mnofu wa samaki unajua chakula chake kimeanzia wapi. Sasa mafuta yana kaboni 13 kidogo kuliko protini, yanapitwa kwa 6 mpaka 8 hivi, na samaki mnono ukimpima na mafuta yake namba inashuka, unaandika anategemea mkoko kumbe ni unono wake tu 😅 Mie nishaandika hivyo, nikafuta.

Siku hizi naangalia kwanza uwiano wa kaboni kwa naitrojeni, ukizidi 3.5 ujue mafuta ni mengi, nayaosha kwa klorofomu na methanoli, mbili kwa moja. Lakini kuosha nako kunaisogeza naitrojeni, basi unga wa mnofu uliokaushwa naugawa: ulooshwa wa kaboni, usooshwa wa naitrojeni. Kazi mara mbili na pesa mara mbili, najua. Ila naitrojeni 15 ndo ngazi yetu ya nani anamla nani, kila anaekula mwenzake anapanda kama 3.4, ukikosea 1 tu ushamshusha mtu karibu thuluthi ya kidato.

Papa na taa ndo wabaya zaidi. Ile harufu ya papa mkavu inayokupiga sokoni inatokana na urea yao, na urea inaishusha naitrojeni 15, samaki wa juu kabisa anaonekana mdogo mdogo. Dawa yake maji safi tu, unasuuza unarudia.

Kaa wadogo wanaosagwa na gamba lao wanataka asidi, maana chokaa ya gamba iko karibu na sifuri na inapandisha kaboni. Unadondosha tone, linatoka povu kama soda, unasubiri liishe. Ila usitie asidi kwenye vikopo vya bati, vile vya kutilia unga mashineni, inavila! Nilifungua trei asubuhi nikakuta vimetoboka vyote, na kila kimoja kilikuwa na miligramu moja tu ya unga, mbu ana uzito kuliko hiyo. Nikarudi kununua vya fedha.