Je, wajua kwa nini mwenye bei ya chini hukosa tenda?

Siku ya kufungua tenda katika taasisi ya serikali ya Kenya huwa na mchezo wake. Tuseme mwisho wa kupokea bahasha ni saa nne asubuhi. Ukifika saa nne na dakika tano, unarudi nayo nyumbani bila kufunguliwa, hata ukilia foleni ya magari. Kamati ya watu wasiopungua watatu inafungua sanduku papo hapo, mbele ya wazabuni waliojitokeza. Linasomwa jina, inasomwa bei, huku kila mtu akinukuu bei za wenzake mgongoni mwa karatasi yoyote aliyo nayo. Mwenye bei ya chini anatoka akitabasamu. Wiki chache baadaye anapokea barua ya kumwambia amekosa.

Kauli ya kwanza huwa ni moja: "Hiyo ilikuwa na wenyewe." Huenda. Ufisadi katika tenda si hadithi ya kubuni. Lakini kabla ya kufika huko, uliza kama bei yake iliwahi kuangaliwa.

Bei huangaliwa mwisho. Kamati ya tathmini, yenye siku zisizozidi 30 kumaliza kazi, huanza na karatasi: cheti cha usajili, cheti cha KRA cha kuonyesha kodi haidaiwi, CR12 (hati ya kuonyesha wakurugenzi na wenye hisa) kwa kampuni, fomu zenye sahihi, na kila kitu kingine kilichotajwa kuwa lazima. Kimoja kikikosekana, safari imeishia hapo. Kuna hata suala la namba za kurasa. Sheria ya ununuzi wa umma ya 2015 inataka mzabuni azipe kurasa zote namba kwa mfululizo, na wapo walioangushwa na hilo tu. Linaonekana dogo, ila lina maana yake: kurasa zikiwa na namba, hakuna wa kuchomoa cheti chako usiku wala kuchomeka cha mwenzako. Kwa hiyo nunua kalamu ya wino, kaa chini, andika 1, 2, 3 mpaka ukurasa wa mwisho, viambatisho vikiwemo.

Ukivuka hapo, unapimwa kama unaiweza kazi yenyewe. Waliobaki ndio wanaoshindanishwa kwa bei.

Na bei ina mtego wake. Chukua tenda ya magunia 400 ya maharagwe kwa shilingi 9,500 kila gunia. Jumla ni 3,800,000. Mzabuni aliyechoka, saa sita za usiku, anaandika 3,080,000 kwenye fomu. Kifungu cha 82 cha sheria hiyo hiyo kinasema bei iliyosomwa siku ya ufunguzi ndiyo ya mwisho. Hairekebishwi na yeyote. Akishinda, atauza gunia kwa 7,700. Akikataa kutia sahihi mkataba, dhamana ya zabuni aliyoweka, yaani rehani ya kuonyesha hatajitoa, inakwenda na maji.

Dhamana hiyo, ambayo haizidi asilimia 2 ya thamani ya tenda, ndiyo huwakimbiza wafanyabiashara wadogo. Hawajui kwamba asilimia 30 ya ununuzi imetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu kupitia mpango wa AGPO, na kwamba katika tenda hizo hakuna dhamana ya benki, unajaza fomu ya tamko basi. Biashara ya kikundi au kampuni inahitaji angalau asilimia 70 ya wanachama au wamiliki wake wawe wa kundi husika, na uongozi wote uwe wao. Binti kuwekwa kwenye karatasi huku mjomba ndiye bosi hakukubaliki, ingawa sote tunajua kunafanyika.

Jirani zetu Tanzania wameliondoa sanduku: tangu 2023 zabuni za umma zinapita mtandaoni kwenye mfumo wa NeST, na saa ya mwisho ikifika mfumo unajifunga wenyewe. Hapo hakuna mlinzi wa kubembeleza getini.

Tukirudi kwa yule wa bei ya chini: ile barua aliyoikunja kwa hasira inatakiwa kumweleza sababu ya kukosa. Ana siku 14 za kupeleka malalamiko kwenye bodi ya rufaa za ununuzi wa umma, na bodi ina siku 21 za kuamua. Muda huo wa siku 14, mshindi haruhusiwi kutia sahihi mkataba.