Gereza Likipewa Kampuni, Mlipaji Ni Yule Yule

Kila msongamano wa gereza la Shimo la Tewa unapotajwa, barazani Mombasa hutolewa dawa ile ile: wapewe wawekezaji, serikali itue mzigo. Jamani, hapana! Barabara ya kulipia hutoza wenye magari. Gereza halina wa kumtoza. Ankara yote huenda hazina, na hazina ni kodi yako.

La kuuliza ni moja: kampuni italipwa kwa kichwa, yaani kwa kila mfungwa aliyemo, au kwa kitanda?

Ikilipwa kwa kichwa, hutaka ihakikishiwe idadi. Huko Marekani kuna mikataba iliyoahidi asilimia 90 ya vitanda vijazwe, na jimbo la Arizona lilifika 100. Wafungwa wakipungua, jimbo hulipia vitanda vitupu.

Ikilipwa kwa kitanda, kama Uingereza, serikali hulipia nafasi zilizo tayari, kisha hukata pesa kwa makosa: mfungwa katoroka, watu wamepigana, dawa za kulevya zimeingia. Wengi hushangilia hapa, na hapa ndipo ninapokereka. Anayeandika taarifa ya vurugu ni askari wa kampuni, na kila taarifa inamkata mwajiri wake. Mkataba wa namna hiyo unafundisha watu kunyamaza. Ndiyo, serikali huweka msimamizi wake ndani ya gereza, lakini saa nane usiku hawezi kuwa kila bloku. Sidhani lipo jedwali la makato linaloponya hilo.

Faida nayo hutoka wapi? Gharama kubwa ya gereza ni mishahara, basi hupunguzwa askari. Gereza la Birmingham, Uingereza, lilikabidhiwa kampuni ya ulinzi ya G4S mwaka 2011. Agosti 2018 serikali ikalichukua, ikaongeza maafisa 30 na kuondoa wafungwa 300. Mangaung, Afrika Kusini, lilifunguliwa 2001 kwa mkataba wa miaka 25, na 2013 serikali ililazimika kuingiza watu wake kuliendesha.

Msiniletee pia hoja ya “kampuni ni nafuu kwa siku” kabla hamjaangalia ni wafungwa gani waliohesabiwa. Arizona wagonjwa mahututi walibaki magereza ya serikali, kampuni ikachukua wenye afya. Bei ya namna hiyo hailinganishwi.

Na kwetu, sehemu kubwa ya wanaobanana ni mahabusu wanaosubiri kesi. Kitanda cha mkataba hakimwongezi hakimu hata mmoja. Kikijazwa na mahabusu ambaye kesi yake inaahirishwa kila mwezi, na kampuni inalipwa kwa kichwa, kila ahirisho ni malipo kwake.