Angani Si Friji, Ni Chupa ya Chai

Jumamosi iliyopita, kwenye harusi ya binamu yangu, shemeji mmoja alisikia kwamba kazi yangu ni kupiga hesabu za joto za vyombo vya anga. Akaweka sahani ya pilau chini, akacheka. "Sasa shemeji, huko juu si friji tupu? Mnapoza nini? Fungueni tundu tu, kompyuta zipoe zenyewe."

Ni mara ya tatu mwezi huu. Wa kwanza alikuwa kijana wa bodaboda, nikamsamehe. Wa pili alikuwa mhandisi wa umeme.

Shemeji, nilikujibu kwa mkato kwa sababu na mimi pilau yangu ilikuwa inapoa. Jibu refu ni hili.

Chukua chupa ya chai. Bibi akiijaza alfajiri, saa sita mchana chai bado inaunguza ulimi. Kati ya kuta mbili za ile chupa hewa imenyonywa, kumebaki utupu, na joto likifika hapo halina cha kupita ndani yake wala cha kulibeba. Kituo cha Kimataifa cha Anga kimezungukwa na utupu huohuo pande zote. Ndani kwa kawaida kuna watu saba, kila mmoja akitoa takriban wati 100 za joto hata akiwa amekaa tu, na kuna kompyuta, pampu, taa na mitambo ya utafiti. Karibu umeme wote unaoingia humo kutoka kwenye paneli za jua huishia kuwa joto. Usipolitoa, linarundikana.

"Lakini nimesoma kivulini ni hasi 150." Hasi 150 ya nini? Namba hiyo ni ya uso wa kitu, bati kwa mfano, lililokaa kivulini. Bati hilohilo likipigwa na jua linaweza kupita nyuzi 120. Utupu wenyewe hauna kitu cha kupima. Baridi unayoijua wewe, ya Njombe mwezi wa saba, ni hewa inayokupora joto lako. Kule hakuna mwizi. Tena kituo kinaizunguka dunia kwa dakika 90 hivi, kwa hiyo kikiingia gizani, baada ya dakika thelathini na kitu kimeshatoka tena juani.

Njia pekee ya kudumu ya kutolea joto nje ni mionzi, yaani joto linalosafiri kama mwanga bila kuhitaji hewa, na hapo ndipo zinapoingia rejeta. Jina hili linaniudhi miaka yote. Rejeta ya gari haitegemei mionzi kwa kiasi cha kujivunia, inategemea upepo. Muulize fundi yeyote: feni ikifa kwenye foleni, injini inachemka. Rejeta inayostahili jina lake ni ile ya kituoni, mapanga meupe marefu ambayo kwenye picha watu huyadhania paneli za jua. Ikiwa na nyuzi 7 hivi, mita moja ya mraba, upande mmoja, hutoa karibu wati 310. Basi. Mfumo mkuu wa nje umeundwa kutoa takriban kilowati 70, kwa hiyo piga mwenyewe hesabu ya eneo, kisha ongeza, kwa sababu dunia nayo inaitupia rejeta joto la kwake kutoka chini. Na jua likiipiga wima, linaleta wati 1,361 kwa mita hiyohiyo, ndiyo maana mapanga yale huzungushwa yalielekezee jua ukingo.

Joto hubebwa hadi kwenye rejeta na umajimaji unaozunguka kwenye mabomba: ndani maji, nje amonia. Maji yangeganda kwenye rejeta. Amonia inavumilia hadi hasi 77, lakini ikiingia ndani inaua. Januari 2015 kengele ya amonia ililia, wote wakakimbilia upande wa Warusi na kufunga milango. Kumbe kompyuta ilidanganya.

Maji ya ndani nayo yana mizunguko miwili, mmoja wa nyuzi 4, mwingine wa 17. Kwa nini usitumie ule wa 4 kila mahali? Mtu wa Mombasa anajua jibu: AC inadondosha maji. Penye baridi, unyevu wa pumzi na jasho unageuka matone. Kwenye kibadilisha joto cha hewa ya chumba tunayataka matone hayo, yanasafishwa na kunywewa. Kwenye mabamba ya kupozea vifaa vya umeme hatuyataki kabisa, ndiyo maana huko maji ya nyuzi 17 yanatosha.

Feni haziruhusiwi kulala. Bila uzito hewa moto haipandi. Inabaki imeikumbatia kompyuta mpaka ikaange. Na mwanaanga akilala pasipo na feni, pumzi yake chafu inabaki imemzunguka kichwa.

Yule mhandisi wa umeme alinitolea Apollo 13, chombo cha Wamarekani kilichoharibika njiani kwenda mwezini. Aprili 1970, ndani kulishuka hadi nyuzi 3 au 4, kuta zikatiririka maji. "Umeona? Baridi!" Ndugu yangu, umezima jiko, unalaumu sufuria. Walizima karibu kila kitu kuokoa umeme, na chombo kile kilisanifiwa kwa hesabu kwamba mitambo inafanya kazi. Hata hivyo nampa nusu maksi: ngozi ya chombo hupoteza joto polepole, na hita tunazifunga kweli, kwa ajili ya zile siku ambazo mizani inaelemea upande huo.

Lakini tazama Soyuz MS-22, chombo cha Warusi cha kupeleka na kurudisha watu wa kituoni. Desemba 2022 tundu lisilofika milimita moja liliumwaga nje umajimaji wa kupozea. Wenye chombo hawakuogopa baridi. Waliogopa watu watatu kuokwa njiani wakirudi. Februari 2023 kikatumwa chombo kingine kitupu kuwafuata, na safari ya miezi sita ikawa siku 371.

Sasa aibu yetu. Ukibana vyuma viwili kwa bolti, joto kiasi gani litapita kwenye maungio? Hapa chini hewa iliyojificha kwenye mikwaruzo inasaidia. Kwenye ombwe, yaani ule utupu, haipo, na namba za vitabuni zinatofautiana mara kadhaa. Ninayoitumia niliirithi kwa aliyenifundisha, na sikuthubutu kumuuliza aliitoa wapi. Rangi nyeupe nayo inachakaa kwa jua, inameza joto zaidi mwaka hadi mwaka, na tunakisia. Juu ya yote tunaweka nyuzi kumi za tahadhari, ambazo ni desturi kuliko hesabu.

Mwaka jana kiboksi kimoja kilitoka kwenye jaribio la ombwe kikiwa na nyuzi 9 juu ya nilivyotabiri. Bolti nane. Tukafungua, tukapaka grisi ya kupitisha joto, tukakaza upya, tofauti ikashuka hadi 2. Ipi ilikuwa imelegea sitajua kamwe. Nilipofika, fundi alikuwa keshazifungua zote nane na kuzichanganya kwenye kikombe chake cha kahawa.